Ukuta Uliokaa Eda

"Kitendawili!" Bibi Nyamvula aliita kutoka chumba cha pili, sauti yake ikipita juu ya ukuta, pale ambapo matofali yaliishia kabla ya kufika bati.

"Tega!" Mize alijibu, vidole vyake vikiendelea kubambua kunde.

"Nina mgeni. Hakubisha hodi, hali, hanywi, halali, na kitanda changu anakijua kuliko mimi."

Mize akacheka. Nyuma ya kitanda, mumewe Kombo alikuwa amepiga magoti na kijiko cha chuma mkononi, akikwangua ukuta. Chokaa ilimwagika sakafuni kama unga wa muhogo. Alikuwa ameshafungua kipande cha ukubwa wa kiganja, na chini yake udongo mwekundu ulionekana, udongo wa kawaida, usiojua kitu.

"Mpe mji, mke wangu, usimpe jibu," Kombo alinong'ona akimkonyeza. "Ukuta unasikia."

Kabla Mize hajachagua mji wa kutoa, mlango wa mbele ukasema, kwa ile sauti yake laini ya msichana aliyelelewa vizuri: "Karibu nyumbani, Chande."

Mvua ya masika ikaanguka juu ya bati kama mchanga uliomwagwa. Katikati ya kishindo hicho Mize alisikia makubadhi yakija koridoni, yakiburuta. Pazia likang'olewa. Chande, mpwa wa mwenye nyumba na mlinzi wake, alisimama kizingitini na kipande cha nondo kimeinama begani.

"Kombo. Nani kakutuma umtoboe mjomba macho?"

"Hiki ni chumba changu, Chande. Ninalala humu na mke wangu. Mwambie mjomba wako—"

Hakumaliza. Nondo ilimpata kwenye bega na Mize akasikia mfupa ukilia, mlio mkavu kama kuni inayovunjwa gotini. Kombo alianguka juu ya kitanda. Ya pili ikampata mbavuni. Mize aliruka na sinia la kunde, akamtwanga nalo Chande usoni, kunde zikaruka mpaka kwenye bati. Chande akageuka, akampiga kwa nyuma ya mkono ulioshika chuma.

Mize alianguka shavu likiwa sakafuni. Kitu cha mwisho alichokiona ni mguu wa kulia wa Chande ndani ya kubadhi: kucha ya gumba imepasuka katikati, pande mbili zimeachana kama kwato ya mbuzi. Kisha giza likamfunika.

Alipozinduka, mvua ilikuwa imekatika. Kunde zilikuwa zimetawanyika kwenye damu. Kombo alilala chali, macho wazi, akiutazama ukuta, na ukuta ukimtazama.

*

Mzee Semkiwa hakuzaliwa na roho ya kufuli. Watu wa Muheza waliomjua zamani walisema alikuwa mtu wa kuacha mlango wazi mchana kutwa, mpita njia akiomba maji anapewa na chungwa juu yake. Kisha wezi wakaingia, wakamchinja mkewe koridoni, kwa ajili ya redio na pasi. Kuanzia siku hiyo Mzee hakutaka tena ukuta usioona.

Ndipo ikaja chokaa yenye macho. Kwa sura ni chokaa kama ya msikitini, nyeupe, ukiigusa inakuachia unga kidoleni. Lakini kila chembe yake ni jicho dogo kuliko mbegu ya ulezi. Linaona mchana, linaona gizani, linaona na joto la mwili hata ukijifunika blanketi tatu. Linasikia pia. Yote yanayopita sasa hivi humfikia mwenye nyumba kwenye kioo chake cha mkononi. Yaliyokwisha kupita hubaki humohumo ukutani, tabaka juu ya tabaka, kama mti unavyoficha miaka yake tumboni. Kuyaamsha hayo kunataka fundi na taa yake, na sheria ilikuwa imesema wazi: kumbukumbu za koridoni ni za mwenye nyumba, za chumbani ni za anayelala humo.

Sheria ilikuwa na mdomo, ila haikuwa na mikono. Mikono alikuwa nayo Semkiwa. Miimo ya milango yake yote ilipitishwa umeme, na mlango ulifundishwa adabu ya hodi, maana Mzee alikuwa mtu wa adabu. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huondoka. Basi mlango nao humwita mtu asiyeonyesha sura yake mara tatu. Mara ya tatu unapiga.

Kombo akazikwa. Askari walikuja, wakaambiwa mpangaji aliteleza chooni siku ya mvua, na kwamba mkewe alianguka pia akimkimbilia. Ukuta je? Ukuta, Semkiwa alisema huku akifuta machozi ya kweli kabisa, siku hiyo ulikuwa umezimwa, unapumzishwa. Askari wakapanda gari lao lisilo na dereva, likawaondoa.

Mize akaingia eda, ndani ya chumba kilekile, kwa sababu mjane hukaa eda katika nyumba aliyofiwa. Godoro likachomwa. Damu ilisuguliwa na Bibi Nyamvula kwa majivu na ndimu. Wanawake wakamvika nguo za eda, wakamwambia yale ambayo kila mjane huambiwa: asijipambe, asitoke bila shida, asionwe na mwanamume asiye maharimu wake mpaka siku zake zitimie.

"Na huyu wa ukutani?" Mize aliuliza.

Wanawake wakautazama ukuta.

*

Wiki ya pili ya eda, mlango ulitangaza amri mpya. Kila anayepita koridoni afunue uso, awe mpangaji, awe mgeni. Usalama.

Bibi Nyamvula, ambaye umri wake ulikuwa umempa ruhusa ya mambo mengi, alitii kwa namna yake. Kila alipopita alisimama mbele ya mlango wa uani, akautolea ukuta ulimi wote, akauliza, "Nimependeza, Semkiwa?"

"Karibu nyumbani, Bibi Nyamvula," mlango ulijibu.

Mize hakuweza mzaha huo. Asubuhi ile alijitanda ushungi mpaka puani, akashika ukuta, akaenda uani kama mtu yeyote anayekwenda kujisaidia.

"Sura," mlango ukasema. "Mara ya kwanza."

Akasimama. Juu ya mlango, ndani ya tundu dogo waliloliita kinywa, ikaja sauti nyingine, sauti ya Semkiwa mwenyewe kutoka barazani alikoketi na kioo chake pajani.

"Binti yangu, funua tu. Sisi sote ni watu wa nyumba moja."

"Baba mwenye nyumba, niko eda."

"Najua. Nilitoa sanda, unakumbuka? Funua uso, upite."

"Sura. Mara ya pili."

"Nitapitaje na wewe unanitazama?"

"Mimi sikutazami, mwanangu. Nyumba ndiyo inatazama."

Mize alifikiri kurudi. Tumbo likamkatalia. Akainamisha kichwa, akapenya.

"Mara ya tatu."

Umeme ulimshika mkono wa kushoto na kumtupa koridoni kama kitambaa kilichokung'utwa. Meno yaliung'ata ulimi. Alinusa nyama inayoungua akadhani jikoni kuna mtu, mpaka alipoona mkono wake mwenyewe unafuka moshi. Bibi Nyamvula alimkuta amejikojolea, amekaza ushungi usoni kwa vidole visivyotaka kufunguka.

Tangu hapo alitumia ndoo chumbani, na bibi kizee akaibeba kwenda kuimwaga, asubuhi na jioni, akiifunika kwa kanga kwa heshima kama anayebeba biriani ya harusi.

Makali ya umeme yakazidi kuongezwa. Hilo lilijulikana pale mbuzi wa Mama Ndaro, mwenyekiti wa mtaa, alipoingia koridoni kutafuta maganda. Mlango ukamwomba sura mara tatu kwa upole. Mbuzi alikufa amesimama, jani la muhogo likiwa bado mdomoni.

"Anataka utoke," Bibi Nyamvula alisema siku hiyo, akimpaka Mize asali kwenye jeraha. "Anakufukuza bila kukufukuza. Kwa nini? Chumba chenyewe kinanuka msiba."

"Labda anaogopa."

"Anaogopa nini? Ukuta ulizimwa."

"Ndivyo alivyosema."

Bibi kizee akaacha kupaka. Kidole chake chenye asali kikabaki hewani. "Ngoja. Siku ile nilitega kitendawili. Hukunijibu. Nikakaa nasubiri mji wangu, masikio yote kwako. Nikasikia nini? 'Karibu nyumbani, Chande.'"

Mize alimtazama.

"Mlango uliozimwa unamkaribishaje mtu, mwanangu? Na baadaye, ndani ya mvua, nikasikia mtu mwingine anasema. Maneno sikuyapata, bati lilikuwa linapiga kelele. Lakini haikuwa sauti ya Chande wala ya marehemu."

Mize akageuka taratibu kuutazama ukuta wa chumba chake. Ulikuwa mweupe, mtulivu. Koridoni Semkiwa alikwisha kukwangua na kupaka upya. Humu ndani hakuna mwanamume aliyethubutu kuingia, kwa sababu humu kulikuwa na mjane. Eda yake ndiyo iliyokuwa kufuli. Siku itakapokwisha, Chande angeingia na kijiko kikubwa kuliko cha Kombo.

*

Fundi Mwantumu aliletwa kwa kisingizio cha kumsuka nywele Bibi Nyamvula. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye taa ndogo ya kuamshia kuta aliyoificha ndani ya pakacha la machungwa. Ucheshi ulimwisha pale alipouweka mkono ukutani.

"Kumbukumbu zimo," alinong'ona. "Zote zimo. Siku ile na zote zilizofuata."

"Basi tuiamshe siku ile," Mize alisema.

"Dada yangu, haiendi hivyo. Tabaka la juu ndilo la leo. Kufika siku ile, taa inapita kwanza siku zako zote za eda. Na hukumu inataka mashahidi, wakae hapahapa, waone kwa macho yao. Ukuta hauwezi kukatwa kama mkate." Akatazama chini. "Watakuona unaoga kwa kopo hapo pembeni. Watakuona na ndoo. Watakuona ulivyolala umekumbatia shati lake. Na ikirudi zaidi…"

Hakumaliza. Ndoa ya miaka ilikuwa ukutani humo, pamoja na kitanda chake.

Mize hakulala usingizi wa maana kwa siku kadhaa. Alijua alichotaka: Kombo asiandikwe mtu aliyeteleza chooni. Alijua na bei yake. Kombo alikufa kwa sababu alikataa mkewe aonwe. Sasa ili kumtetea, huyo mke aonwe na mtaa?

Semkiwa alimsaidia kuamua bila kujua. Alikuja mwenyewe mpaka nje ya pazia, fimbo yake ikigonga sakafu, kwa heshima zote za mzee.

"Hodi, mwanangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia fundi wa taa amekuja kusukwa. Au kusuka." Akacheka kidogo. "Mimi siwezi kukuzuia. Sheria ni yako. Ila nakushauri kama mzazi. Mimi nimeona yaliyomo humo. Nayaona kila siku. Mwanamke ana vitu vyake. Wakishaviona, wataviona kila watakapokusalimia sokoni. Utauficha wapi uso huo unaoupenda sana?"

Mize aliketi nyuma ya pazia, ngozi ikimsisimka mwili mzima, kama mtu aliyeambiwa amekaa juu ya nyoka tangu jana.

"Baba," alisema mwishowe, "siku wezi walipomchinja mama, ungekuwa na ukuta unaojua sura zao, ungeufunga kwa sababu mama alikuwa hajavaa vizuri?"

Fimbo ikaacha kugonga.

"Nitakuja Ijumaa kubomoa chumba hiki," Semkiwa alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mzazi. "Ukiwemo, usiwemo."

*

Waliamua iwe Alhamisi, mchana kweupe, baada ya adhuhuri. Mama Ndaro alikuja kama mwenyekiti wa mtaa na kama mwenye mbuzi. Alikipokonya kioo cha Semkiwa barazani mbele ya wanaume waliokusanyika, kwa kuwa sheria ilitaka mwenye nyumba asitazame wakati chumba cha mpangaji kinaamshwa. Semkiwa akabaki ameketi na mikono mitupu pajani.

"Na hukumu itasimama kwa ushahidi wa wanawake watupu?" mzee mmoja aliuliza.

"Kwani aliyekuzaa alishuhudiwa na nani?" Mama Ndaro akamjibu, akaingia.

Kila mwanamke aliyeingia alifunua uso, na mlango ukamkaribisha kwa jina au ukamwita mgeni. Kwa kuwa kioo hakikuwa tena mkononi mwa mwanamume, Mize naye alisimama kizingitini pake akashusha ushungi.

"Karibu nyumbani, Mize," ukuta ulisema. Alitamani kuutemea mate.

Waliketi kwenye mkeka, wamebanana, harufu ya karafuu na jasho. Fundi Mwantumu alikuwa anawasha taa yake. Bibi Nyamvula akajisogeza karibu na Mize.

"Kile kitendawili changu hujakijibu bado."

"Nikupe mji, bibi?"

"Nipe."

"Chukua Muheza yote, na machungwa yake."

"Meno yenyewe mawili. Unanipa mji wa kutafuna!"

Wakacheka, na ndani ya kicheko hicho mlango wa chumba ukasema: "Sura. Mara ya kwanza."

Mwanamke mrefu alikuwa amesimama kizingitini, baibui jeusi mpaka chini, uso umezibwa, macho tu yanaonekana na yenyewe yameinama. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya baibui, umeshika kitu kizito.

"Mtu na haya zake," Mama Ndaro alisema. "Ingia dada, funua, humu hakuna mume."

Mwanamke hakufunua. Alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani, na Mize, aliyeketi chini kabisa, aliuona mguu huo kwenye kubadhi. Kucha ya gumba imepasuka kama kwato.

"Sura. Mara ya pili."

Hakuna aliyejua ila yeye. Bila shaka Chande alijivika baibui hilo koridoni, na alikuwa amesahau, au alidhani kioo kikishachukuliwa mlango hubaki na mdomo tu bila umeme. Mlango haukuwa umelala. Mize alihitaji kunyamaza tu, pumzi moja, na umeme uliomuua mbuzi amesimama ungefanya kazi yake. Hakuna ambaye angemlaumu. Mwili wake wote ulisema nyamaza. Jeraha la mkono lilisema nyamaza.

Akilini akamwona mbuzi na jani lake mdomoni. Akamsikia Semkiwa kesho yake barazani, akiwaambia watu, mnaona, nyumba yangu imewalinda wanawake wenu, na watu wakitikisa vichwa, na kila nyumba ya mji ikipakwa chokaa. Kombo hakufa ili mlango uwe hakimu.

Aliruka juu ya magoti ya wenzake, akaudaka uso ule kwa kucha zote, akalivua vazi mpaka mabegani.

"Sura yake hii hapa!" alipiga kelele. "Mwone!"

Uso wa Chande ulikuwa umelowa jasho, masharubu yametapakaa poda ya kike.

"Karibu nyumbani, Chande," mlango ukasema kwa furaha.

Nyundo ikatoka ndani ya baibui. Ilimpata Mize kwenye mtulinga, ukavunjika, akaanguka juu ya pakacha. Kwa mkono wa pili Chande alirusha chupa ukutani. Tindikali ikatoka ikichemka, ikala chokaa upande wa dirisha, na matone yakamwangukia Fundi Mwantumu shingoni, akapiga yowe lakini taa hakuiachia. Chande akainua nyundo kuelekea taa hiyo.

Hakufika. Mama Ndaro alimpiga kisogoni kwa mbuzi ya kukunia nazi, na ulimi wake wa chuma ukachana sikio. Mwingine akamng'ang'ania kiuno, akamuuma. Chande alimpiga huyo puani kwa kiwiko, damu ikaruka juu ya mkeka. Wakamwangukia wote. Mchi wa kinu ukapanda na kushuka. Mtu alikuwa analia huku anapiga, akitaja jina la mtoto wake, akitaja mlango uliomuunguza mwezi uliopita. Nyundo ikawa mikononi mwao. Chande alikuwa chini, anatema meno, na bado walipiga, na mchi ukapanda tena juu ya kichwa chake.

"Basi!" Mize aliita kutoka sakafuni. Hakuwa na pumzi ya kuita mara ya pili, akajitupa juu ya kichwa hicho alichokichukia kuliko vyote duniani, akakifunika kwa mwili wake. "Asikie kwanza! Asife kabla ukuta haujasema!"

Mchi ukasimama. Wakabaki wanahema.

Walimfunga kwa kanga nne. Bibi Nyamvula akamkalia mgongoni, ili asisahau kwamba amefungwa.

"Nimeonwa na mwanamume, bibi," Mize alisema, akishikilia mtulinga wake. "Eda yangu."

"Eda haivunjwi na mwanamume aliyejigeuza mwanamke ili akuue. Nyamaza, ufungwe bega."

*

Fundi Mwantumu aliweka taa ukutani, shingo yake imefungwa kitambaa chenye maji. Upande wa dirisha ulikuwa umekufa, unatoa povu. Upande wa kitanda na mlango ulibaki. Weupe ukaanza kutetemeka, ukawa na kina, kama maji ya kisima unapoinama.

Hapo Mama Ndaro akainuka. Aligeuka, akaupa ukuta mgongo. Mwanamke wa pili akageuka. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, mikeka ikisuguana, wakaketi wakitazama mlangoni, migongo yao imepangana kama pazia. Fundi naye akageuza uso, mkono wake tu ukibaki kwenye taa. Chande walimtia kichwa ndani ya baibui alilokuja nalo.

"Wewe utatuambia," Mama Ndaro alisema, bado ametazama mlangoni.

Basi Mize peke yake alitazama. Siku zake zilirudi nyuma bila sauti. Alijiona na ndoo. Alijiona akiuma shati la Kombo ili asisikike. Alijiona anaoga kwa haraka kwenye pembe, akijifunika kwa viganja viwili dhidi ya kuta nne, na alilia kwa ajili ya mwanamke huyo kama vile si yeye. Damu ikarudi sakafuni. Mvua ikapanda juu. Chande akatoka kinyumenyume. Na hapo alikuwa Kombo, mzima, amepiga magoti na kijiko chake.

"Simama hapo," Mize alisema. "Iache sasa iende."

Na ukuta ukasema, kwa sauti ya Bibi Nyamvula: "Kitendawili!"

Mgongoni mwa Chande, bibi kizee akashtuka, akashika mdomo.

"Tega!"

"Mpe mji, mke wangu, usimpe jibu. Ukuta unasikia."

"Geukeni," Mize alisema.

Waligeuka. Waliona nondo. Waliona sinia na kunde zikiruka mpaka kwenye bati. Waliona Mize akianguka, na kilichofuata ambacho hata yeye hakuwahi kukijua: Kombo akitambaa, mkono mmoja umevunjika, kumfunika mkewe aliyezimia. Waliona Chande akipiga, kisha akisimama, akihema, uso umempauka. Akautazama ukuta. "Mjomba," alisema, "imetosha. Imetosha, mjomba."

Kelele ya bati. Halafu kutoka kinywa cha mlango, kwa utulivu, kama mtu anayeagiza chai: "Bado anapumua. Ongeza."

Nyumba ilikuwa moja, na kile ukuta ulichokikumbuka vinywa vyake vyote vilikisema pamoja. Chumbani, koridoni, na barazani, ambako wanaume walikuwa wameketi wamemzunguka Semkiwa.

*Bado anapumua. Ongeza.*

Chini ya baibui Chande alianza kulia kama mtoto aliyefiwa.

Mize aliinuka akishikwa mkono, akasimama kizingitini. Koridoni kulikuwa kutupu mpaka mwisho, na mwisho wake, kwenye mwanga wa mlango wa mbele, alimwona Semkiwa amesimama. Fimbo ilikuwa imemwanguka. Nyuma yake wanaume walikuwa wameinuka, na hawakumwachia njia ya kurudi. Yeye alikuwa ameinua mikono miwili ya kanzu, ameuziba uso wake wote, akiingia ndani polepole kama kipofu, akikimbia macho ya watu.

"Sura," mlango ukasema. "Mara ya kwanza."

Akasimama. Mikono haikushuka.

"Sura. Mara ya pili."

Wanawake walikuwa wamemzunguka Mize. Walijua wote, sasa, kwamba anaweza kunyamaza.

"Funua, baba mwenye nyumba," Mize alisema, sauti yake ikafika mpaka kule. "Mlango wako hauna mzaha."

Mikono ikashuka kidogo kidogo: paji, macho, mdomo, mpaka uso wote ukawa nje, uso wa mzee tu, umelowa, hauna pa kwenda, mbele ya mtaa mzima.

"Karibu nyumbani, Mzee Semkiwa," mlango ukasema.

Katika nyumba nzima, ni mlango peke yake uliomkaribisha.